SOMO LA AFYA: Asali na Fangasi za Ngozi – Inasaidia Wapi, na Wapi Inachelewesha Tiba



Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wanaulizwa sana swali hili: "Je, ni kweli asali inatibu fangasi?" Wengine hawaulizi, wanajaribu tu. Mama anauza sehemu ya unga au mafuta ya mgao ili apate chupa ndogo ya asali, anampaka mtoto kichwani mwezi mzima, na ugonjwa unaendelea. Mwingine anapaka baka dogo mkononi na linapona. Wote wawili wanasema ukweli juu ya yale waliyoyaona. Tofauti yao haikuwa katika asali, ilikuwa katika ugonjwa wenyewe na mahali ulipo.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini asali inaweza kupunguza nguvu ya fangasi.
2. Kutaja magonjwa ya fangasi ambayo asali haiwezi kuyafikia.
3. Kutambua nani asipewe asali kabisa.
4. Kujua ni wakati gani wa kuacha asali na kwenda kituo cha afya.

FANGASI NI NINI?

Fangasi, au kuvu, ni viumbe vidogo sana vya jamii moja na uyoga na ukungu unaoota kwenye ugali uliolala. Ndugu zetu wengine waliotoka Kongo huita ugonjwa wake "mikozi". Fangasi hupenda vitu vitatu: joto, unyevu na mahali pasipopata hewa. Ndiyo maana hukaa sana katikati ya vidole vya miguu, kwenye mapaja, chini ya matiti, kwapani, kichwani kwa watoto na sehemu za siri.

Kambini fangasi husambaa kwa urahisi kwa sababu tunaishi karibu karibu. Watoto wanalala mkeka mmoja, kitana kimoja kinapita vichwa vitano, taulo moja linatumika na nyumba nzima, na wakati wa masika nguo hazikauki vizuri. Kwa hiyo mtu mwenye fangasi si mchafu wala hakulogwa. Ameambukizwa tu, kama vile mtu anavyoambukizwa mafua.

AINA ZINAZOONEKANA SANA

*Choa (fangasi za mwili).* Ni baka la mviringo kama sarafu. Ukingo wake umeinuka kidogo na una magamba, katikati panaonekana kama pamepona. Linawasha na linapanuka polepole.

*Mapunye (fangasi za kichwa).* Huwapata zaidi watoto. Nywele zinakatika na kuacha mabaka yenye magamba meupe au vidoti vyeusi. Wakati mwingine panavimba na kutoa usaha.

*Fangasi za miguu.* Ngozi katikati ya vidole inakuwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa, inapasuka, inawasha na kunuka.

*Mabaka ya kifuani na mgongoni.* Ni madoa mengi madogo, meupe au meusi kuliko ngozi, yenye unga unga ukiyakwangua. Hayaumi. Hata baada ya fangasi kufa, rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi, kwa hiyo usiseme dawa imeshindwa kwa kuwa doa bado linaonekana.

*Utando mweupe mdomoni.* Huwapata watoto wachanga, na pia watu wazima ambao kinga ya mwili imepungua.

*Fangasi za ukeni.* Muwasho mkali na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda.

*Fangasi za kucha.* Kucha inakuwa nene, ya njano, inavunjika vunjika.

ASALI INAFANYAJE KAZI?

Asali ni dawa ya tangu zamani. Waganga wa Misri ya kale waliandika juu ya kufunga vidonda kwa asali zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Sisi wenyewe, tukiiita asali au ubuki, tumeikuta kwa babu zetu. Sayansi imeeleza kwamba asali ina njia tatu za kupambana na vijidudu:

Kwanza, *inanyonya maji*. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji yake ni chini ya asilimia 20. Kijidudu kikiguswa na asali nzito, maji yake yanavutwa nje na kinakauka. Ni kama samaki aliyetiwa chumvi ili asioze.

Pili, *ina uchachu*. Ulimi unaonja utamu tu, lakini ndani yake asali ina asidi, na vijidudu vingi havistawi kwenye uchachu wa namna hiyo.

Tatu, *inatengeneza dawa yake yenyewe*. Nyuki huweka ndani ya asali kimeng'enya ambacho, asali ikipata maji kidogo, hutoa haidrojeni peroksaidi. Ni dawa ile ile inayotoa povu ambayo wauguzi wamekuwa wakiitumia kusafishia vidonda. Kimeng'enya hiki huharibika asali ikipashwa moto sana au ikikaa juani.

LAKINI FIKIRIA WANZUKI

Wanaojua kutengeneza wanzuki, yaani pombe ya asali, wanajua jambo ambalo linatufundisha sana. Asali nzito ikifunikwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika. Lakini ukiichanganya na maji mengi na kuiacha, inaanza kutoa povu na kuchacha. Nani anaichachusha? Ni hamira. Na hamira yenyewe ni aina ya fangasi!

Maana yake ni kwamba asali nzito huzuia fangasi, lakini asali iliyozidiwa na maji inaweza kuwa chakula chao. Shika neno hili, kwa sababu ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya somo letu. Mkononi au mgongoni, juu ya ngozi kavu, asali hubaki nzito na inaweza kufanya kazi. Katikati ya vidole vyenye jasho, mdomoni penye mate, au ukeni penye unyevu, asali huyeyuka haraka na nguvu yake inapungua. Na pale ambapo fangasi zimejificha ndani ya shina la unywele au chini ya kucha, asali haifiki kabisa hata iwe nzito namna gani.

WATAALAMU WAMEPATA NINI?

Maabara nyingi zimeweka asali pamoja na fangasi na kuona kwamba asali ikiwa nzito hupunguza kukua kwake. Lakini chombo cha maabara si ngozi ya mtu anayetembea, anayetoka jasho na kuoga.

Kwa binadamu, jaribio linalotajwa sana lilitolewa mwaka 2004 na daktari mmoja wa Dubai. Wagonjwa 37 wenye choa, fangasi za mapajani na mabaka ya kifuani walipakwa mchanganyiko wa asali, mafuta ya zeituni na nta ya nyuki, mara 3 kwa siku, kwa muda usiozidi wiki 4. Zaidi ya nusu yao walipona. Ni habari njema, lakini tuisome vizuri. Watu walikuwa wachache. Hapakuwa na kundi la pili lililotumia dawa ya kawaida ili kulinganisha. Na ule ulikuwa mchanganyiko wa vitu vitatu, si asali peke yake. Tena hakuna aliyetibiwa mapunye wala kucha katika jaribio hilo.

Kwa upande wa vidonda, ushahidi ni mkubwa zaidi. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio 26 yenye watu zaidi ya 3,000, wakaona kwamba asali iliharakisha kupona kwa baadhi ya majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu, na kwa vidonda vya upasuaji vilivyopata usaha. Lakini asali inayotumika hospitali husafishwa kwa mionzi maalumu ili kuua vijidudu. Asali ya sokoni haikupitia huko, kwa hiyo usiitie ndani ya kidonda kilicho wazi kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kwa ufupi: asali inaweza kusaidia fangasi ndogo za juu ya ngozi. Haijathibitishwa kuwa ni bora kuliko krimu ya kituoni.

MAHALI AMBAPO ASALI HAITOSHI

*1. Mapunye.* Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza muda na pesa. Someni mazungumzo haya kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa:

BIBI: Karibu mwanangu, kaa. Mtazame mjukuu wangu huyu. Nimempaka asali kichwani wiki tatu, baka moja limekuwa manne.

MHUDUMU: Pole bibi. Umefanya kwa upendo, lakini ugonjwa huu hauko juu ya ngozi peke yake. Fangasi zimeingia ndani ya shina la unywele, chini ya ngozi.

BIBI: Kwa hiyo nimnyoe kwanza, asali ipenye?

MHUDUMU: Hata ukimnyoa, mizizi inabaki ndani. Hata krimu ya kituoni haipenyi mpaka kule. Mapunye hutibiwa kwa vidonge. Dawa inapita katika damu na kuingia kwenye unywele kutoka ndani.

BIBI: Vidonge vya siku ngapi? Maana vile vya malaria ni siku tatu tu.

MHUDUMU: Hivi ni vya wiki nyingi bibi, mara nyingi 6 mpaka 8. Ampe mama yake baada ya chakula chenye mafuta kidogo, ili mwili uipokee dawa vizuri. Na msiache akianza kuonekana amepona. Na hawa wengine wanaolala naye, tuwatazame vichwa vyote leo.

BIBI: Basi waiteni wote waje.

Mapunye yakicheleweshwa yanaweza kuvimba kama jipu, kutoa usaha na kuacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Mtoto hubaki na alama hiyo maisha yake yote.

*2. Kucha.* Fangasi ziko chini ya kucha ngumu. Tiba yake ni ya miezi. Muone mganga wa kituo.

*3. Mdomo wa mtoto mchanga.* Usitumie asali kabisa. Tazama sehemu inayofuata.

*4. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima.* Hii mara nyingi ni ishara kwamba kinga ya mwili imepungua. Sababu inaweza kuwa kisukari, dawa fulani, au virusi vya UKIMWI. Ukipata pia maumivu wakati wa kumeza, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Kupima VVU ni siri yako, na dawa za kufubaza virusi zinawawezesha watu kuishi miaka mingi na kulea watoto wao. Asali mdomoni itaficha dalili tu, na wewe utachelewa kujua.

*5. Ukeni.* Akina mama, msiingize asali, vitunguu saumu, ndimu wala sabuni ukeni. Si kila uchafu unaotoka ni fangasi. Magonjwa ya zinaa nayo huleta uchafu, na kila moja lina dawa yake. Mjamzito mwenye muwasho au uchafu usio wa kawaida aende kliniki bila kusubiri. Akiwa huko apimwe na kaswende kama bado hajapimwa.

*6. Mguu wa mwenye kisukari.* Mwenye kisukari akiona ngozi imepasuka katikati ya vidole, asipake kitu cha nyumbani. Mpasuko mdogo unaweza kuwa mlango wa vijidudu vinavyooza mguu.

MTOTO CHINI YA MWAKA MMOJA: HAPANA

Katika mila zetu nyingi mtoto akizaliwa hulambishwa asali kidogo. Wengine humpaka mdomoni akiwa na utando mweupe, au hupaka chuchu ili anyonye vizuri. Tunaomba kwa heshima zote tuiache mila hii.

Asali, hata ile safi kabisa ya msituni, inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachoitwa klostridia. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto mwenye umri chini ya miezi 12 bado ni changa. Mbegu zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo huitwa botulismi. Dalili zake ni hizi: mtoto hapati choo, ananyonya kwa udhaifu, kilio kinafifia, kope zinashuka, shingo na mwili vinalegea kama kitambaa. Mwishowe anaweza kushindwa kupumua. Ukiona hivyo, mkimbize hospitali.

Kuchemsha asali jikoni hakuui mbegu hizo. Kwa hiyo usiseme, "mimi nimeichemsha."

Utando wa mdomoni kwa mtoto una dawa ya matone inayotolewa kituoni. Ili kutofautisha utando na maziwa, futa taratibu kwa kitambaa safi. Maziwa yanatoka. Utando wa fangasi hautoki kirahisi, na ukitoka unaacha pekundu. Mama pia atazamwe chuchu, kwa sababu mama na mtoto huambukizana, na wote wawili hutibiwa pamoja. Kunyonyesha kuendelee.

SI KILA BAKA NI FANGASI

Kabla hujapaka chochote, jiulize kama kweli ni fangasi.

*Upele* huwasha sana usiku, katikati ya vidole vya mikono, kwenye viganja, kiunoni na matakoni, na huwapata wengi ndani ya nyumba moja. Unaletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi. Asali haumfanyi kitu. Nyumba nzima hutibiwa siku moja.

*Ukoma.* Hapa tuwe makini. Baka la ukoma laweza kuwa jeupe au jekundu kidogo, haliwashi, na *halina hisia*. Jipime hivi: mgonjwa afumbe macho, mguse kwa ncha ya pamba au unyoya mara juu ya baka, mara pembeni yake, naye aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akishindwa kuhisi juu ya baka, aende kituoni wiki hiyo hiyo. Ukoma unapona kwa dawa za miezi 6 au 12, na dawa hizo ni bure duniani kote tangu mwaka 1995. Lakini mtu akikaa na asali mwaka mzima akidhani ni fangasi, mishipa ya fahamu inakufa na vidole vinapinda. Mishipa ikishakufa, dawa haiirudishi.

*Mabaka yaliyopakwa krimu za mtaani.* Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi na za "kuondoa muwasho" zina dawa kali aina ya steroidi. Ukizipaka kwenye fangasi, muwasho unatulia siku chache na wekundu unapungua, lakini fangasi zinasambaa chini kwa chini. Ukiwa umetumia krimu ya namna hiyo, mwambie mganga na umwonyeshe kikopo chake. Hatakukemea.

UKITAKA KUTUMIA ASALI

Hatumkatazi mtu mzima mwenye baka dogo la choa, juu ya ngozi isiyo na kidonda, kujaribu asali wakati bado hajafika kituoni. Ila afuate hatua hizi:

1. Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono na usubiri mpaka kesho. Ukiona vipele au uvimbe, usitumie. Wanaodhurika wakiumwa na nyuki wawe waangalifu zaidi.
2. Nawa mikono. Osha baka kwa sabuni na maji safi, kisha *likaushe kabisa*. Kumbuka wanzuki: maji na asali havipatani hapa.
3. Paka asali nyembamba kwa kijiti au kitambaa safi, ukizidisha kidogo nje ya ukingo wa baka. Usichovye kidole chenye fangasi ndani ya chupa.
4. Funika kwa kitambaa safi ili sisimizi na nzi wasikusumbue.
5. Baada ya saa chache osha, kausha, paka tena. Fanya mara 3 kwa siku.
6. Kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani kila siku.
7. Hesabu siku. *Ukimaliza wiki 2 bila nafuu ya wazi, acha na uende kituoni.* Baka likipanuka, likitoa maji au likiuma, usingoje hata hizo wiki 2.

Usipake karibu na macho. Usichanganye asali na mafuta ya taa, maji ya betri, majivu au dawa ya mbu. Watu wameungua ngozi kwa michanganyiko hiyo.

ASALI IPI?

Misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora hutoa asali nyingi, na wauzaji huileta katika chupa za maji na madumu. Baadhi huiongezea maji ya sukari. Watu hupima kwa njiti ya kiberiti, kwa kudondosha tone kwenye maji, au kwa kuangalia kama sisimizi wanakuja. Vipimo hivi havitegemeki. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo huzama katika maji kama asali. Kwa upande mwingine, asali iliyoganda na kuwa na chenga chenga si lazima iwe ya bandia. Asali halisi nayo huganda.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma husifiwa sana kwa dawa na huuzwa ghali. Ifahamike kwamba asali hiyo kwa kawaida ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchacha mapema. Asali yoyote yenye povu na harufu ya pombe isitumike kwenye ngozi.

Na tafadhali, usiuze chakula cha mgao kwa ajili ya asali ya kupaka. Mtoto mwenye lishe duni huugua ngozi zaidi. Wala usitoke nje ya mipaka ya kambi bila kibali kwenda kurina asali msituni kwa sababu ya fangasi ambayo dawa yake iko kituoni.

DAWA ZA KITUONI

Kwa fangasi za ngozi kituo hutoa krimu kama klotrimazoli au mikonazoli, au mafuta ya Whitfield ambayo yametumika kwa zaidi ya miaka 100. Kosa linalorudisha ugonjwa ni moja: kuacha mapema. Muwasho unaisha siku ya nne au ya tano, mtu anafunga kikopo, na mwezi unaofuata fangasi zimerudi. Krimu hupakwa kwa kawaida mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, na uendelee kama wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi. Fuata maelezo uliyopewa.

KUZUIA

- Kausha vizuri katikati ya vidole kila ukioga.
- Anika nguo, taulo, mikeka na mablanketi juani.
- Kila mtu awe na kitana na taulo lake. Kama haiwezekani, mwenye fangasi atumie mwisho na vifuliwe.
- Mwenye buti au viatu vya plastiki avivue akifika nyumbani, na vipigwe na jua.
- Vinyozi: ondoeni nywele zote kwenye mashine kwa brashi, kisha futeni meno yake kwa spiriti baada ya kila kichwa. Mtoto mwenye mapunye aende kituoni kwanza kabla ya kunyolewa.
- Walimu: mtoto anayetibiwa asifukuzwe shule. Azuiwe tu kuazimana kofia na vitana.

JIPIME

1. Kwa nini asali nzito huzuia fangasi lakini asali yenye maji mengi huchacha?
2. Mtoto wa miezi 8 ana utando mweupe mdomoni. Jirani analeta asali. Utafanya nini?
3. Baka jeupe halisikii ukiligusa kwa pamba. Je, upake asali?
4. Umepaka asali kwenye choa siku 14, baka liko vile vile. Hatua inayofuata ni ipi?

*Majibu:* (1) Asali nzito huvuta maji kutoka kwa vijidudu. Ikizidiwa na maji, hamira, ambayo ni fangasi, huila sukari yake. (2) Mshukuru jirani, usimpe mtoto asali, mpeleke kituoni akapate dawa ya matone, nawe utazamwe chuchu. (3) Hapana, nenda ukapimwe ukoma. (4) Acha asali, nenda kituoni.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili. Kama kuna asiyejua kusoma, msomee, hasa ile sehemu ya watoto wa chini ya mwaka mmoja.